Gari Limeganda? Birika Liache Jikoni

Mtu aliyekulia Tanga barafu anaijua: ni ile ya ukwaju ya kwenye kifuko, au lile bonge la kuhifadhia samaki pale Deep Sea. Zote ukizimwagia maji zinayeyuka, mambo yamekwisha. Kwa hiyo asubuhi ya Januari, uko Leeds au Minneapolis au Oslo, kioo cha gari kimevaa ganda jeupe na kazini unatakiwa saa moja, mkono unakwenda wenyewe kwenye birika. Uzuie huo mkono.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Maji ya moto yakigusa kile cha nje, kinatanuka papo hapo, na cha ndani bado kina baridi ya usiku kucha. Kama kokoto iliwahi kukitoboa kidogo, hata kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama, ufa unaanzia hapo na kukimbia hadi pembeni. Unasikia "ta!" tu, basi. Gari la miaka hii mara nyingi lina kamera nyuma ya kioo, karibu na kile cha kutazamia nyuma, kwa hiyo kioo kikibadilishwa na kamera lazima ipangwe upya kwa mashine, na hiyo ni bili nyingine. Bima nayo mara nyingi inakutaka uchangie.

Maji ya uvuguvugu je? Hapana. Ya bomba? Hapana pia. Kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri maji unayomwaga yanaganda tena kabla hujarudisha birika ndani, na sasa ni barafu angavu, ngumu kuliko ile ya mwanzo. Yaliyoteremka yamekwenda kuzigandisha waipa kule chini, na yaliyofika ardhini yamekutengenezea utelezi hasa pale unapokanyaga kuingia garini. Nyonga zinavunjika hivyo.

Shangazi aliyeko Chumbageni atakutumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, si umwagie maji ya moto tu?" Mjibu, "Shikamoo shangazi, nimekusikia," halafu usifanye. Na binamu anayeona ajabu kwamba mwezi huu hukutuma kitu kwa sababu ya kioo, akidhani kioo kinaokotwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei ya maelewano, mweleze taratibu. Huku kupatana bei hakuna.

Kazi yenyewe ni fupi. Washa gari, elekeza hita kwenye kioo ukianza na joto dogo, washa kiyoyozi kikaushe unyevu, zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, washa na nyaya za joto za kioo cha nyuma. Theluji ifagie kwa brashi laini. Barafu ikwangue kwa skrepa ya plastiki, ukianzia pembeni ambako ganda limeanza kuachia. Kadi ya benki inavunjika, na kisu au mwiko wa chuma unaacha mikwaruzo ambayo usiku, taa za gari linalokuja mbele yako zikiipiga, huoni kitu. Likigoma, nyunyizia dawa: spiriti ya asilimia 70, vikombe viwili, na maji kikombe kimoja, kwenye chupa ya kupulizia. Hapo maji yanaruhusiwa kwa sababu spiriti inayazuia kuganda. Usivute sigara karibu.

Waipa usiziwashe kabla hujazibandua kwa mkono. Mpira ukiwa umeganda kwenye kioo, mota inavuta, mpira haubanduki, na kinachokubali kushindwa ni fyuzi au vyuma vya chini. Mlango ulioganda usiuvute kwa kitasa, kitakubaki mkononi. Usukume kwanza kwa nyonga, kama unafunga, barafu ya kwenye mipira ivunjike, ndipo uvute.

Sasa turudi kwenye maji, maana mtego haujaisha. Nyumbani tumezoea radieta inajazwa kwa dumu, na tangi la waipa kwa chupa ya maji ya kunywa iliyobaki. Tabia hiyo usivuke nayo. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9. Umeshawahi kusahau chupa ya soda kwenye friza ukaikuta imepasuka? Chupa hiyo sasa ni injini yako. Kulanti, ile dawa ya kuzuia radieta isigande, iwe nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huo unahimili hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukinunua gari kwa Mswahili mwenzio aliyelitumia kiangazi kizima, usimuulize aliweka nini, atakwambia kulanti. Pima mwenyewe, kipimo chake ni cha bei ndogo. Kwenye waipa weka dawa ya msimu wa baridi na usome kwenye chupa inahimili nyuzi ngapi. Ukiiongezea maji ili ifike mbali, utakuwa barabarani kasi 100, lori limekurushia tope la chumvi kwenye kioo, unabonyeza na hakitoki kitu.

Usiku wa baridi funika kioo kwa turubai au boksi kavu. Kanga au shuka hapana: zinaloa, zinaganda, asubuhi unabandua nguo na barafu pamoja.

Halafu theluji ya juu ya paa. Wengi wetu tunasafisha tobo la ukubwa wa sahani mbele ya dereva na kuondoka. Ujerumani hilo ni kosa, na Kanuni za Barabara za Uingereza, kifungu cha 229, zinataka uone pande zote na uondoe theluji inayoweza kumwangukia mwingine. Ukifunga breki inateleza yote mbele na kukuziba macho. Ikiruka, anayekufuata ndiye atakayeipokea.

Kuacha gari likinguruma nje huku unamalizia chai ndani ni mtego mwingine. Uingereza ni kosa barabarani, Ujerumani faini yake inafika euro 80, na mwizi akiondoka nalo funguo zikiwa ndani, bima nyingi hazilipi. Na kabla ya kuwasha, zungukia nyuma uone ekzosi. Ikiwa imefukiwa na theluji, moshi unaingia ndani, na gesi yake ya sumu haina harufu. Ni ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hili halihitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu wa pwani.

Wenyeji wao wanafanya haya yote kimyakimya, saa kumi na mbili alfajiri, kila mtu na skrepa yake. Betri ikikufia jirani atakuletea nyaya, atakuwashia, ataondoka bila kukuuliza jina. Ngamiani ungesukumwa na vijana wanne wa bodaboda, na soda ungewanunulia. Mimi nasema huku wana utu wa vifaa na sisi tuna utu wa maneno, ila kwenye baridi, vifaa ndivyo vinavyosaidia.

La mwisho ni kwa wanaopanga kulipeleka gari nyumbani, maana usukani wa Uingereza uko upande wetu na watu wa kodi wa TRA wanajulikana. Barabara za huko humwagiwa chumvi msimu wote, na chumvi hiyo inakula chini kusikoonekana. Lioshe chini kwa maji ya presha siku isiyo na baridi ya kugandisha, na kabla hujalipia meli, lala chini na tochi utazame mabomba ya breki na chesisi. Piga chuma kwa bisibisi. Kikibonyea, mwambie mjomba asubiri jingine.