Jinsi ya Kudai Marejesho ya Pesa kwa Wakala wa Wahudumu wa Nyumbani

Ankara ya wakala anayekuletea mhudumu wa kumtunza mgonjwa au mzee nyumbani ikija na kiasi usichokielewa, jambo la kwanza linalokujia ni kupiga simu. Acha kwanza. Simu ya hasira itapokelewa kwa upole, utaahidiwa kuwa "tutalifuatilia", halafu mwezi unaofuata ankara nyingine inakuja na deni lile lile pamoja na faini ya kuchelewa. Madai ya namna hii hufaulu kwa maandishi, tena kwa kubishania mstari mmoja mmoja wa ankara.

Tenga mambo mawili tangu mwanzo. Kama mhudumu alikuwa mkali, mzembe au anashinda kwenye simu, hayo ni malalamiko ya huduma, yapelekwe kwa barua ya peke yake. Ukiyachanganya na hesabu, wakala atajibu lile lililo rahisi kwake: ataomba radhi kuhusu mhudumu na kunyamaza kuhusu pesa.

Nani ana haki ya kudai

Wakala humtambua aliyetia saini mkataba. Kama mama yako ndiye aliyesaini na wewe ndiye unayelipa, wanaweza kukataa kuzungumza nawe kwa sababu ya usiri wa taarifa zake, na hapo hawana kosa. Andika barua fupi ya idhini, mama aitie saini, uiambatishe. Kama hawezi tena kujiamulia mambo yake, utahitaji hati ya uwakili aliyoisaini kabla ya hapo, au amri ya mahakama. Kama amefariki, anayedai ni msimamizi wa mirathi, na amana iliyobaki kwa wakala ni sehemu ya mali ya marehemu. Familia nyingi huisahau amana hiyo katikati ya msiba, na wakala hana haraka ya kuwakumbusha.

Soma mkataba huku ankara iko mbele yako

Watu husoma bei ya saa moja tu, kumbe ubishi mwingi umejificha kwenye vipengele vingine: kima cha chini cha masaa kwa kila ziara, dakika zinavyokadiriwa (kwa robo saa au nusu saa), viwango vya usiku, wikendi na sikukuu, nauli ya mhudumu, notisi ya kufuta ziara, na kinachotokea mgonjwa akilazwa hospitalini. Tazama pia kama kuna ada ya kumwajiri mhudumu wao moja kwa moja. Kipengele hicho huamka siku unapoondoka.

Chukua mfano. Mhudumu alifika saa 2:20 asubuhi akaondoka saa 4:45. Hayo ni masaa 2 na dakika 25. Ankara inasema masaa 4. Unaweza kudhani unadai saa moja na dakika 35, lakini mkataba unasema kila ziara hutozwa kima cha chini cha masaa 3. Basi dai lako ni saa 1, basi. Ukiomba zaidi ya hapo, wakala atakuonyesha kipengele, na kuanzia hapo hata madai yako ya kweli yataonekana ya kubahatisha.

Omba kumbukumbu za masaa kabla ya kuomba pesa

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Andika barua pepe ukiomba karatasi za mahudhurio za tarehe unazozitilia shaka, pamoja na rekodi za mfumo wa simu kama wahudumu wao husajili kuingia na kutoka kwa programu. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 inataka huduma binafsi za nyumbani zinazolipiwa na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) zisajiliwe kielektroniki kwa mambo sita: aina ya huduma, anayehudumiwa, anayehudumu, tarehe, mahali, na saa ya kuanza na kumaliza. Hata kama uko kwingine na unalipa mwenyewe, hayo sita ni orodha nzuri ya kuomba.

Kama mfumo ulirekebishwa kwa mkono ofisini, uliza nani alirekebisha, lini, na kwa sababu gani. Simu ya mhudumu huisha chaji, mtandao hukatika, na marekebisho ya halali yapo. Ila ziara tano mfululizo zilizorekebishwa na kila moja ikaishia kwenye saa kamili zinahitaji maelezo.

Kisha linganisha na ulivyonavyo: daftari la huduma linaloachwa nyumbani, jumbe za "leo nitachelewa", picha za kamera ya mlangoni, na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Hiyo ya mwisho haina mpinzani. Mgonjwa aliyekuwa wodini Jumanne hakuogeshwa nyumbani Jumanne. Kinachobaki kubishaniwa ni kama ulitoa notisi kwa wakati.

Onyo moja: mhudumu akikuletea karatasi ya wiki nzima siku ya Jumatatu uisaini "tusisumbuane", kataa kwa heshima. Sahihi yako ndiyo ushahidi wao. Na usimfanye mhudumu kuwa shahidi wako dhidi ya mwajiri wake. Mara nyingi hata yeye hakulipwa kwa hayo masaa ya ziada, na anaweza kupoteza zamu kwa kukusaidia.

Barua yenyewe

Iwe ya ukurasa mmoja, kwa mkuu wa kitengo cha ankara, nakala kwa meneja. Kwa mfano:

"Ninapinga mistari ifuatayo ya ankara namba … ya tarehe … . Mstari wa 3: mmetoza masaa 4, karatasi ya mahudhurio inaonyesha masaa 2 na dakika 25, kwa kipengele cha 6 cha mkataba, stahili ni masaa 3. Mstari wa 7: ziara ilifutwa kwa barua pepe ya tarehe … , ndani ya muda wa notisi. Ninaomba kurejeshewa jumla ya … kupitia njia niliyolipia, na ankara iliyosahihishwa, ndani ya siku 14. Nimelipa kiasi kisichobishaniwa."

Sentensi ya mwisho iwe ya kweli. Ukizuia malipo yote, unawapa sababu ya kusimamisha ziara, na anayeumia ni mtu anayesubiri kugeuzwa kitandani. Kama pesa hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti, uliza benki namna ya kuzuia makato yajayo huku ukilipa kiasi sahihi mwenyewe.

Kama bima ilichangia malipo, wape nakala. Marejesho hurudi kwa aliyelipa, na bima haifurahii kugundua ulirudishiwa fungu lake ukanyamaza.

Wakikataa au wakikaa kimya

Omba jibu la mwisho kwa maandishi, kwa sababu ngazi inayofuata italiulizia. Kama ulilipa kwa kadi, ifungulie benki madai ya kurudishiwa muamala, na usisubiri: nchini Marekani, kosa la bili kwenye kadi ya mkopo linatakiwa kupingwa kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu kutumwa kwa taarifa ya kwanza yenye kosa hilo. Kwingine muda hutofautiana, kwa hiyo uliza siku unapogundua.

Kisha kuna mamlaka ya leseni, shirika la kutetea watumiaji, na mahakama ya madai madogo ambako kwa kawaida si lazima uwe na wakili. Usidhani kila mamlaka itakudaia pesa. Nchini Uingereza, kwa mfano, mkaguzi wa huduma za afya na matunzo wa England, Care Quality Commission, hasuluhishi lalamiko la mtu mmoja mmoja. Anayeshughulikia hilo ni mchunguzi wa malalamiko, Local Government and Social Care Ombudsman, hata kwa wanaojilipia wenyewe, baada ya wakala kupewa nafasi ya kujibu.

Pesa zikikubaliwa

Wakala wengi hupenda kukupa punguzo kwenye ankara ijayo badala ya fedha taslimu. Ukiwa bado mteja wao, si vibaya. Ukiwa umeshaondoka, kataa, kwa sababu hakuna ankara ijayo. Soma pia karatasi ya makubaliano watakayokupa: ikisema unaachilia "madai yote" wakati amana bado wanayo, waandike amana kando na tarehe ya kuilipa, ndipo usaini.