Namna ya Kuchanganya Zege la Nyumbani kwa Chepe au kwa Mashine

Zege linapopasuka au kumeguka mapema, lawama huangushiwa saruji, lakini mara nyingi chanzo ni vipimo vya kukisia na maji yaliyozidi. Mambo hayo mawili yamo mikononi mwa anayechanganya. Tuchukue mfano wa sakafu ya kibaraza yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2.5 na unene wa sentimita 10, ambayo itahitaji mita moja ya ujazo ya zege.

Sakafu ya namna hiyo hutoshwa na uwiano wa 1:2:4, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, wakati mfuniko wa shimo au lenta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) yenye nondo huhitaji zege lenye nguvu zaidi, angalau la 1:1.5:3. Uwiano huo hupimwa kwa ujazo, na hapo ndipo hesabu huharibika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, ilhali toroli moja ya kawaida hubeba lita 60 au zaidi. Kwa hiyo anayemwaga mfuko mmoja kwa toroli mbili za mchanga na nne za kokoto, akiamini kwamba amefuata 1:2:4, kwa kweli amekaribia 1:4:8, ambalo ni zege dhaifu la kusawazishia ardhi chini ya msingi. Tiba yake ni rahisi: tengeneza boksi la mbao lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35, na kina cha sentimita 25. Boksi hilo lina lita 35 kamili. Kila mfuko mmoja upewe maboksi mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yaliyokatwa usawa wa mdomo kwa ubao. Mchanga wenye unyevu huvimba, kwa hiyo ukiupima ukiwa hivyo ongeza kiasi cha moja ya tano.

Kwa kibaraza chetu nunua mifuko 7. Hesabu yenyewe hutoa sita na kitu, lakini kazi ya mkono hustahili nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya saruji, kwa kuwa chepe halichanganyi sawasawa kama mashine.

Kabla ya kuupokea mchanga, jaza nusu ya chupa angavu kwa mchanga huo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kwa saa chache. Tope litajipanga juu ya mchanga. Ikiwa mchanga umesimama sentimita 10, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, uoshwe au urudishwe. Kwa walio pwani, mchanga wa baharini usitumike penye nondo, kwani chumvi yake huziozesha kwa kutu.

Changanyia juu ya sakafu ngumu au bati pana, kamwe si juu ya udongo, kwa sababu udongo hunyonya maji na kuingia ndani ya zege. Vaa glavu na buti za mpira, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Tandaza mchanga, mwaga saruji juu yake, kisha geuza rundo lote kutoka upande mmoja hadi mwingine, tena na tena, hadi rangi iwe moja isiyo na michirizi. Ongeza kokoto na ugeuze tena. Baada ya hapo fanya shimo katikati na utie maji kidogo kidogo.

Hapa subira inahitajika kuliko mahali pengine popote. Anza na lita 25 kwa kila mfuko, au pungufu ikiwa mchanga una unyevu. Saruji hutumia sehemu tu ya maji hayo ili kukomaa. Yanayobaki hukauka na kuacha vitundu vinavyolidhoofisha zege, na ndiyo maana uji unaotiririka, ingawa humwagika kwa urahisi, haufai. Piga rundo kwa mgongo wa chepe: uso unapaswa kujifunga na kung'aa kidogo, bila maji kuchuruzika pembeni.

Kwa mashine, tanguliza sehemu ya maji na nusu ya kokoto ili saruji isigande ukutani, kisha tia saruji, mchanga na vilivyobaki, na uiache izunguke kwa dakika mbili hivi baada ya kutia vyote. Usiijaze kupita uwezo wake. Ukimaliza, zungusha kokoto na maji ndani yake ili kuisafisha.

Zege litumike ndani ya saa moja, na kwenye jua kali mapema zaidi. Likianza kukaza, usiliongezee maji kulilainisha, litupe. Lishindilie vizuri, hasa pembezoni, kando ya mbao zinazolizuia lisitawanyike, ambako hewa hubaki. Likishakaza kiasi cha kutobonyea kwa kidole, lifunike kwa nailoni au magunia yaliyolowa, na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7, hata kama mvua imenyesha usiku, kwani jua la siku moja linatosha kulikausha.