Jinsi ya kuomba fedha za kuzuia uchafu wa shamba usiingie kijitoni, jimboni Missouri, Marekani

Mvua kubwa ikikatika, nenda pale ng'ombe wako wanaponywea. Ukikuta kijito ni tope tupu, ujue unautazama udongo wako ukienda zake, pamoja na samadi na mbolea uliyoilipia.

Missouri ina fungu la kazi hii. Mwaka 1984 wapiga kura walipitisha kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Nusu yake huenda kwenye udongo na maji, nusu kwenye hifadhi za jimbo.

Anzia ofisi ya wilaya ya uhifadhi wa udongo na maji. Zipo 114, kila kaunti na yake. Usihangaike na fomu kwanza. Omba mtaalamu aje shambani, mtembee naye. Mwoneshe ukingo uliomomonyoka na mfereji unaobeba maji ya zizi. Kama shamba ni la kukodi, mshirikishe mwenye ardhi mapema, maana mradi utabaki kwake miaka mingi.

Mtaalamu atapendekeza dawa: labda uzio wa kuwazuia ng'ombe na birika la maji mbali na kijito, au ukanda wa nyasi na miti kando ya maji. Hapo ndipo unapojaza ombi, nalo linapelekwa kwa bodi ya wilaya.

Sasa subiri. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa: wanaita katapila wiki hiyohiyo. Kazi iliyoanza kabla bodi haijaidhinisha hailipwi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Ukiidhinishwa, jenga kwa vipimo ulivyopewa na utunze stakabadhi zote. Mtaalamu akishakagua, unadai malipo, kwa kawaida asilimia 75 ya makisio ya gharama. Kwa hiyo pesa za kuanzia ni zako, zitafute mapema.

Kama mradi unagusa ardhioevu au unamwaga kifusi kijitoni, uliza pia kuhusu kibali cha Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani. Idhini ya bodi si mbadala wake.

Mkataba utakutaka uutunze mradi, mara nyingi miaka 10. Ukiung'oa kabla ya muda, utadaiwa kurudisha fedha. Ukiuza shamba katikati, mweleze mnunuzi kabla hamjatia saini.