Kuku hana jasho: joto linavyomuumiza, na saa za kumwokoa

Kuanzia Januari hadi Machi, malalamiko ya wafugaji wa Dar es Salaam, Pwani na Tanga hufanana. Kuku wanahema midomo wazi, chakula kinabaki kwenye vyombo, maganda ya mayai yamekuwa membamba. Wengi huwa wameshanunua antibiotiki kabla ya kuuliza, na hela hiyo inaniuma kama ingekuwa yangu.

Tutenganishe kwanza ugonjwa na joto. Kuku mwenye mafua hukoroma, hutoa makamasi, pengine uso huvimba, na usiku hapati nafuu. Aliyeelemewa na joto huhema bila makamasi, mabawa kayatanua, na jua likizama hutulia. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo vya usiku na mchana, hicho huenda ni kideri (ugonjwa wa Newcastle). Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, na kwa kuku mkubwa, hewa ya bandani ikifika kama nyuzi 30 mwili huanza kuhangaika. Damu hupelekwa kwa wingi kwenye upanga, ndevu na miguu ili joto litoke. Utumbo hubaki na damu kidogo, ukuta wake hulegea, na bakteria hupenya. Wakati huohuo kinga hushuka, kwa hiyo hata chanjo haishiki vizuri.

Kisha huja kuhema, na hapa ndipo mayai yanapoharibika. Kuku anayehema hutoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, na damu hupungukiwa baikaboneti. Ganda la yai ni kalisiamu kaboneti: linahitaji kalisiamu, na linahitaji pia hiyo baikaboneti. Ndiyo maana unaongeza chokaa kwenye chakula na bado mayai yanapasuka kwenye trei. Isitoshe, kuku mwenyewe hali, maana kusaga chakula nako huzalisha joto tumboni. Chokaa usiiache, ila wape kuku wa mayai makombe ya baharini yaliyopondwa mapandemapande jioni, kwa sababu ganda hutengenezwa zaidi usiku.

Kwa kuku wa nyama waliofikisha wiki nne na kuendelea, ondoa chakula saa 4 asubuhi, rudisha saa 10 jioni. Hao ndio hufa kwa wingi, kwani wana mwili mzito na wanakua kwa kasi. Kuku wa mayai wape sehemu kubwa ya chakula alfajiri na jioni.

Maji yasikauke hata dakika moja. Kwa kawaida kuku hunywa maji yenye uzito mara mbili ya chakula anachokula. Joto likikaza hufika mara nne na zaidi. Lakini nenda saa 8 mchana ukaguse maji ya bomba la bandani kwako. Tangi jeusi limekaa juani, bomba limelala juu ya mchanga, na maji yanayotoka yanaunguza kiganja. Kuku hayanywi. Lijengee tangi kivuli cha makuti, fukia bomba, mwaga maji ya moto yaliyosimama humo ndani kila saa. Kazi hii ya siku moja naithamini kuliko pakiti yoyote ya vitamini. Vitamini C na elektrolaiti (chumvichumvi za kuchanganya na maji) husaidia, lakini ndani ya maji ya baridi.

Wafugaji wa pwani wawe waangalifu na kumwagia maji bandani. Kuhema kunapoza pale tu unyevu wa kinywani unapokauka, na hewa yetu tayari imejaa unyevu. Dodoma kunyunyiza kunafaa. Kigamboni, pasipo upepo, unaweza kuwa unawachemsha. Loweka paa kwa nje, fungua mapazia yote ya banda, kata vichaka vinavyoziba upepo, ondoa maranda yaliyorundikana. Kuku wa nyama 10 kwa mita moja ya mraba wapunguze wawe 7 au 8. Anayejenga upya aelekeze urefu wa banda mashariki-magharibi, jua lisiingie ubavuni.

Kuchanja, kukamata na kusafirisha kuku kufanyike alfajiri au usiku. Na kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji, usimdharau kishingo: shingo yake isiyo na manyoya hupoteza joto haraka.

Ukimkuta kuku amelala akitweta na hawezi kusimama, mtoe taratibu, mzamishe kwenye ndoo ya maji ya kawaida hadi chini ya shingo kwa muda mfupi, kisha mweke kivulini penye upepo. Waliobaki usiwakimbize. Pita katikati yao polepole wainuke, ili joto lililonaswa chini ya matumbo yao litoke.