Namna ya kumtunza na kumchunguza haidra, mnyama asiyezeeka, ukiwa Tanga

Miongoni mwa wanyama wanaotajwa kuwa hawazeeki, haidra ndiye ambaye mkazi wa Tanga mwenye chupa ya kioo, lenzi ya kukuzia na subira anaweza kumweka mezani na kumfuatilia mwenyewe. Ni mnyama wa majini asiye na mifupa, damu wala ubongo, mwenye urefu wa milimita chache, na pengine sentimita moja na nusu akijinyoosha. Ni jamaa ya konyeza na matumbawe, ila yeye huishi katika maji yasiyo na chumvi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumpata, kumlisha na kumwandikia kumbukumbu, na katika hayo matatu mimi nalipa uzito zaidi la mwisho, kwa sababu bila daftari utakuwa na mnyama wa kupendeza tu usiyeweza kusema lolote la hakika juu ya umri wake.

Kabla ya kushika chupa, ieleweke kwanza tofauti kati ya kuishi miaka mingi na kutozeeka. Pwani yetu inaye mfano mzuri wa mnyama mwenye maisha marefu: silikanti, samaki ambaye tangu miaka ya 2000 amekuwa akinaswa katika nyavu za jarife za wavuvi wa Tanga, na ambaye kwa ajili yake hifadhi ya bahari ilianzishwa hapa mwaka 2009. Watafiti wa Ufaransa waliohesabu pete za ukuaji katika magamba yake walitangaza mwaka 2021 kwamba huenda huishi karibu miaka 100, na kwamba hubeba mimba kwa muda wa takriban miaka mitano. Hata hivyo, hakuna aliyeonyesha kwamba silikanti hazeeki. Kuzeeka, kwa maana wanayoitumia wanabiolojia, ni pale ambapo uwezekano wa kiumbe kufa huongezeka, au uwezo wake wa kuzaa hupungua, kadiri umri unavyosonga. Asiyezeeka ni yule ambaye uwezekano wake wa kufa kesho ni uleule, awe na umri wa mwezi mmoja au wa miaka kumi. Naye hufa kwa njaa, kwa joto, kwa maradhi au kwa kuliwa. Kinachokosekana ni kifo kinacholetwa na uzee.

Haidra hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Mtafute katika maji safi yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani: mabwawa ya samaki ya watu binafsi upande wa Muheza, madimbwi ya kudumu yenye yungiyungi, na vijito vilivyo kivulini. Omba ruhusa ya mwenye bwawa. Usichukue chochote katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani bila kibali, na usilisogelee bwawa la Mabayani, kwa kuwa hayo ndiyo maji ya kunywa ya jiji.

Hapa sina budi kusisitiza jambo la usalama. Kichocho kipo katika mkoa wetu, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Kwa hiyo usiingie majini kamwe, wala usimtume mtoto aingie. Simama ukingoni, tumia kijiti kirefu chenye ndoano kuvuta majani, vaa glavu ndefu za mpira, na kando ya mto Pangani kumbuka kwamba kuna mamba. Ukifika nyumbani, kagua majani na uondoe konokono wote, kisha acha maji yatulie kwa siku mbili bila kuyagusa kwa mkono mtupu. Vijidudu hivyo visipompata mtu huwa vimekwisha kufa kufikia wakati huo, lakini konokono mmoja aliyesahauliwa ataendelea kutoa vingine.

Siku hizo mbili zina faida nyingine pia. Weka majani na maji ya bwawa lilelile katika chupa pana ya kioo, uiache karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua kali. Haidra hana macho, lakini huufuata mwanga, na hivyo atasogea polepole hadi kwenye kioo kinachoelekea dirisha na kujishika hapo. Mtu wa kwanza kumchunguza kwa makini, Abraham Trembley wa Geneva, alilitambua jambo hili alipokuwa akifundisha watoto wa mwenye cheo mmoja karibu na The Hague katika miaka ya 1740. Utakachokiona ni uzi mfupi wa rangi ya kahawia iliyofifia, mweupe au wa kijani, wenye minyiri myembamba upande mmoja. Ukiigonga chupa kidogo, uzi huo hujikunja mara moja ukawa kitone. Usipojikunja, huenda ni mzizi wa mmea.

Mhamishe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, ukimpulizia maji taratibu hadi mguu wake uachie kioo. Maji ya kumtunzia yawe ya bwawa alikotoka, yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Maji ya bomba yana klorini, nayo itamuua. Ukilazimika kuyatumia, yaache wazi kwa siku moja au mbili kwanza. Epuka kabisa chombo cha shaba, kwani madini hayo ni sumu kwake hata yakiwa kidogo sana.

Tatizo kubwa la Tanga ni joto. Katika maabara haidra hutunzwa kwenye nyuzi joto kati ya 18 na 20, ilhali mchana wa kaskazi hapa hupita 30. Ushauri wangu ni kuanza wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na kuiweka chupa ndani ya chungu kipana cha udongo kilichotiwa maji, kivulini penye upepo. Maji yanayotoka kupitia kuta za chungu na kukauka huchukua joto na kuipoza chupa, na hakuna umeme unaohitajika. Anayeishi Lushoto au Amani hatahitaji chungu.

Mlishe dafnia, yaani wale wadudu wadogo wanaorukaruka katika maji ya bwawa, mmoja au wawili kila baada ya siku mbili. Usiharakishe hatua hii. Itazame kwa lenzi. Dafnia akigusa mnyiri hushtuka, huhangaika kwa muda mfupi, kisha hulegea, kwa sababu mnyiri umejaa seli zenye nyuzi za sumu ambazo hufyatuka zinapoguswa. Minyiri mingine huja kusaidia, mdomo hupanuka kuliko unavyotarajia, na punde unamwona dafnia kama doa jeusi ndani ya mwili ulio angavu, ukuta wa mwili ukiwa umenyooshwa kumzunguka. Baadaye mabaki hutemwa kupitia mdomo uleule, kwani hana tundu jingine. Badilisha maji siku hiyohiyo. Mabaki yanayooza huua haidra wengi kuliko njaa.

Akishiba vizuri, baada ya siku chache utaona uvimbe kwenye sehemu ya chini ya mwili wake. Uvimbe huo hurefuka, huota minyiri, kisha hujikata na kujitegemea. Hapo ndipo daftari linapoanza kazi. Mweke kila haidra katika chombo chake na kumpa namba. Chipukizi akishaachana na mzazi, mhamishe siku hiyohiyo na umwandikie tarehe yake ya kuzaliwa, maana wakikaa pamoja hadi wakalingana ukubwa hutaweza tena kujua nani ni nani. Andika siku za kulisha, joto la maji, idadi ya chipukizi na kila kifo pamoja na hali iliyokitangulia. Baada ya miezi kadhaa linganisha: je, wakubwa kwa umri wanakufa zaidi ya wadogo, na je, chipukizi wao wamepungua?

Mwanabiolojia Daniel Martínez alifanya kazi ya namna hiyo huko Marekani, na mwaka 1998 alichapisha matokeo ya miaka minne bila kuona dalili ya uzee. Mwaka 2015 yeye na wenzake wa Ujerumani walitoa hesabu ya haidra 2,256 katika maabara mbili: kiwango cha vifo kilibaki kilekile, chini sana, katika umri wote. Sababu yake ni kwamba mwili wa haidra umejaa seli shina, yaani seli zinazoweza kuzalisha seli za aina nyingine, zisizoacha kugawanyika. Seli mpya huzisukuma zile za zamani kuelekea ncha za minyiri na mguuni, ambako huondoka, hivi kwamba mwili wote hujitengeneza upya kwa muda wa wiki chache tu. Ndiyo maana ukimkata katikati kwa wembe mkali, ndani ya siku chache nusu ya chini huota kichwa na ya juu huota mguu. Mkate aliyeshiba na mwenye afya, na usimlishe hadi minyiri irudi.

Si kila haidra yuko hivyo, na hili halisemwi vya kutosha. Spishi iitwayo Hydra oligactis, ikipata baridi ya nyuzi 10, huanza kuzaa kwa mayai na mbegu, kisha hudhoofika na kufa ndani ya miezi. Kwa upande wake, konyeza mdogo aitwaye Turritopsis dohrnii, ambaye huzungumzwa sana, hufuata njia tofauti kabisa: akijeruhiwa au akikosa chakula hurudi katika umbo lake la utotoni lililojishika chini, na kuanza maisha upya. Huyo usijaribu kumtafuta ufukweni Raskazone. Hana hata nusu sentimita, na kumtunza ni kazi ya maabara.

Ukisafiri, haidra atavumilia wiki mbili bila chakula, ingawa atasinyaa. Ukiamua kuacha kabisa, mrudishe katika bwawa lilelile alikotoka wala si jingine, au mkabidhi mwalimu wa biolojia wa shule ya jirani pamoja na daftari lake, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa zikipotea, uchunguzi utalazimika kuanza mwanzo.