Ukalimani wa Kiswahili Uingereza: Usome Mkataba wa Wakala Kwanza

Kila nikirudi Unguja, barazani husikia maneno yale yale: "Huko si mnalipwa kwa kusema Kiswahili tu?" Ami zangu, khalati zangu, kulipwa watu hulipwa. Lakini kijana aliyetoka Wete juzi msimtume kutafuta kazi hospitali kwa kuwa Kiswahili kazaliwa nacho. Anayefasiri maneno ya daktari kwa mgonjwa, au ya hakimu kwa mshtakiwa, amebeba roho ya mtu mdomoni. Hiyo ni kazi ya kusomewa.

Taratibu zenyewe hazina mengi. Fanya mtihani wa DPSI, diploma ya ukalimani wa huduma za umma, wa Chartered Institute of Linguists, chama cha wanalugha cha Uingereza, uchague njia yako, kama ya sheria au ya afya. Pitia ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi ya makosa ya jinai. Cheti cha tabia njema kichukue kabla hujaondoka nyumbani. Habari ya kukitafuta kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na kwa polisi mnaijua. Mapato ya kujiajiri yakipita pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, jisajili HMRC, idara ya kodi ya Uingereza, kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata mwaka huo kwisha.

Sasa mkataba, na hapa ndipo nilipoumizwa. Kazi nyingi hupitia kwa wakala, nawe kwake si mwajiriwa, umejiajiri. Wakala wangu aliandika kwamba nitalipwa yeye akishalipwa na mteja. Nimekaa miezi nikidai, na kila barua ikijibiwa kwa "samahani" na "asante kwa subira yako". Someni mkataba! Tazameni siku za malipo, nauli, muda wa kusubiri, na mnapata nini kazi ikifutwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na msitoke kliniki bila karatasi ya saa ulizofanya kazi kutiwa saini na muuguzi, hata kama ana haraka, hata kama anakuahidi kuituma kesho. Bila saini ile, wakala atasema hukufika.

Nimewajua Waingereza hivi: ukigomba hawakusikii, ukiandika wanakaa sawa. Adabu yao ni nzuri na naipenda, lakini adabu hailipi kodi ya nyumba. Ipo sheria ya mwaka 1998 inayohusu madeni ya biashara yanayocheleweshwa. Kama mkataba haukutaja siku, deni limechelewa baada ya siku 30, na riba yake ni asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza. Juu ya riba kuna fidia, pauni 40 kwa deni lisilofika pauni 1,000. Nilipoitaja sheria hiyo kwa jina lake kwenye ankara, fedha zilikuja. Wakikaidi, madai hufunguliwa mahakamani kwa intaneti.

Jambo jengine linaniuma. Wazee wetu walioko Uingereza huenda hospitali na mtoto wa skuli awafasirie. Mtoto asibebeshwe habari ya saratani ya mama yake. Ombeni mkalimani, hospitali ndiyo inayomlipa.

Na nyinyi mnaoanza, msikubali kazi kwa furaha ya kuitwa. Ukikaa London ukaitiwa kazi ya saa moja Birmingham, usiseme ndiyo mpaka nauli na muda wa njiani viandikwe.