Kabla mzee hajalazwa: kujiandaa na deliriamu

Mgonjwa aliyeingia wodini na akili timamu anaweza, ndani ya saa au siku chache tu, kusahau alipo, kuona wadudu ukutani au kung'oa dripu. Hiyo ndiyo deliriamu. Walio hatarini zaidi ni wenye miaka 65 na kuendelea, wenye ugonjwa wa kusahau na waliovunjika nyonga.

Kabla ya yote, andikeni alivyo siku zote: anakumbuka nini, anatembeaje, analalaje, anakunywa pombe kiasi gani. Daktari asiyemjua hawezi kutenganisha mabadiliko ya jana na usahaulifu wa miaka. Pombe msiifiche, kwani kukatizwa ghafla kunaweza kuleta deliriamu ya kuua. Akiwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, semeni mapema: haloperidoli, inayotumika kumtuliza mgonjwa anayehangaika, itamdhuru.

Bado mkiwa nyumbani, mwambieni ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, mwandike amefika wapi. Akiwa wodini rudieni. Aliyekuwa akiimaliza yote na sasa hafikishi hata saba, mwiteni muuguzi. Fanyeni hivyo hasa akiwa kimya, kwa sababu anayepiga kelele huonekana na kila mtu, ilhali anayesinzia mchana kutwa na kuacha chakula husemwa amechoka tu. Huyu ndiye anayesahaulika, na inauma, maana chanzo mara nyingi kinatibika: maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, mkojo uliozuilika, hata choo kigumu.

Bebeni dawa zake zote, pamoja na zile za kujinunulia. Diazepamu (ya usingizi na wasiwasi) na klorofeniramini (ya mzio na mafua) huvuruga ubongo wa mzee, ila msimkatishe wenyewe. Aliyezoea diazepamu akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege.

Miwani, kifaa cha kusikia na betri za akiba visibaki nyumbani.

Pangeni zamu za watu anaowafahamu, zaidi jioni na usiku, hali inapochacha. Aliye zamu amnyweshe maji kama hakukatazwa, amkalishe kitini, amtajie siku na mahali, na usiku aombe taa zipunguzwe. Kila siku aulize kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Kumfunga mikono kitandani humzidishia hofu na kuhangaika.

Andaeni pia wa kumsimamia dawa akiruhusiwa, kwani kuchanganyikiwa kunaweza kuendelea kwa wiki kadhaa.